Mhudumu Aliyeitika Karibu

Zinash hakuwa mtu wa kulala na neno tumboni. Ukimkanyaga leo, leo hii hii unajua umekanyaga nini. Sasa mtu wa namna hiyo akaenda kupata kazi gani? Uhudumu. Kazi ambayo mdomo wako ni wa kusema "ndiyo baba, sawa mama, nakuja," basi, mdomo mwingine uuache nyumbani umefungiwa kabatini.

Kazi yenyewe ilikuwa kwa Gashe Wedajo, pale mtaa wa Gofa, nyumba ya nyama ambayo kila mtu anaijua. Ng'ombe ananing'inia mlangoni, Lemessa mchinjaji kavaa koti lake jeupe kashika kisu kilichopinda, anakata pale unapoonyesha kidole. Ndani ni meza za mbao, watu wanakula nyama mbichi kwa pilipili na injera, ule mkate wetu mwembamba mchachu, bia zinashuka. Gashe ni jina la kumpa mwanaume aliyekuzidi umri, na Wedajo alituzidi umri, mali na kiburi, vyote kwa mpigo.

Wateja wa nyama mbichi ni watu wa sauti. Anaingia jamaa kaning'iniza koti mabegani, anapiga makofi mawili kumwita mhudumu kama anafukuza kuku, anataka sehemu ya nundu, hapana, ya mbavu, hapana, ile ya jana. Zinash anaenda mbio, anarudi mbio. Halafu akifika jikoni kwenye beseni la vyombo, anamwigiza yule mtu mzima mzima: koti mabegani, tumbo mbele, makofi mawili. Wapishi wanakaa chini kwa kucheka. Hata Lemessa, ambaye ukimchekesha mara moja kwa mwezi umefanya kazi, alikuwa anageuka ukutani mabega yanatikisika.

Lakini kuna kitu kimoja kilikuwa kinamchemsha kuliko hayo makofi. Huku kwetu huwezi kutia tonge mdomoni na mtu kasimama karibu bila kumkaribisha. Hata akiwa mhudumu. "Njoo tule, dada." Na mhudumu anajua jibu lake: "Mle vizuri, Mungu awabariki, nimeshiba." Umeshiba nini? Umetoka nyumbani na chai kavu. Ila ndiyo adabu, bana. Yule anakukaribisha akijua huji, na wewe unakataa ukijua hajakuita. Watu wazima wanadanganyana mchana kweupe halafu wanaita heshima.

Jumamosi moja aliingia dalali wa nyumba, tumbo kama ngoma ya kanisani, na wenzake watatu. Sinia imefika, Zinash kasimama pembeni anasubiri kuambiwa kama pilipili inatosha.

"Njoo tule, mrembo," dalali akasema. "Mbona umesimama kama nguzo ya umeme?"

Zinash akavuta kiti, akakaa. Akanyofoa injera, akachagua kipande kinono kuliko vyote pale, akachovya, akala.

Wale watatu wakamwangalia dalali.

"Unafanya nini?" dalali akauliza.

"Si umenikaribisha? Nimekaribia."

"Nilisema tu."

"Na mimi nakula tu."

Meza ya jirani mtu mmoja bia ikamtokea puani. Mwingine akasema, "Dada, ukimaliza hapo njoo na huku, sisi tuna ini." Zinash akamaliza, akanyanyuka, akaenda kwenye ini.

Jioni ile Wedajo alitaka kumfukuza. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini Jumamosi iliyofuata watu wakajaa wanauliza, "Yuko wapi yule anayekula?" Wedajo ni mfanyabiashara. Akalimeza neno lake.

Sasa Kirubel. Huyu ni kijana anayepiga picha za harusi, amepanga chumba nyuma ya ile nyumba ya nyama. Alimrekodi Zinash kwa simu akimwigiza dalali pale kwenye beseni, akaituma kwa rafiki, rafiki akaituma kwa mtaa, mtaa ukaituma mjini. Hoteli moja ndogo ya mtaa wa Saris ina usiku wa vichekesho kila Alhamisi, wakamwita. Akapanda jukwaani na aproni yake, katoka kazini moja kwa moja, akaanza kusema vichekesho vya waume na wake alivyokariri kwa wengine. Hakuna aliyecheka. Watu wanaangalia vinywaji vyao kama wamefiwa.

Hasira ikampanda. Akashuka jukwaani, akaanza kuwahudumia. Akamfuata jamaa wa meza ya mbele: "Wewe utaagiza maji, utasema gari liko nje, na huna hata baiskeli." Akaenda kwa mwenzake: "Wewe umekuja na huyu dada lakini unaangalia mlango. Nikuletee chakula au nikuletee habari mke akiingia?" Meza kwa meza, mpaka aliyekuwa hajaguswa akawa anaomba aguswe. Toka siku hiyo Alhamisi ikawa yake.

Na mtu akishaonja kuchekesha watu, sinia inakuwa nzito. Zinash akaanza kuota filamu. Hadithi yake mwenyewe: mhudumu anayeitika kila mtu anayemkaribisha, anakaa kila meza, mpaka mji mzima unaogopa kusema karibu. Akaipa jina Karibu Tule. Akaipeleka kwa mzalishaji mmoja mwenye ofisi na kiti cha kuzunguka. Jamaa akasikiliza nusu, akasema mhudumu lazima awe mweupe, na lazima apendwe na daktari aliyetoka Amerika. Zinash akamwambia huyo daktari akishuka kwenye ndege aanze kumtibu mzalishaji mwenyewe. Ndivyo mlango ulivyofungwa.

Basi ukaja Mfungo Mkubwa.

Huo ukija, karibu miezi miwili, hakuna nyama, hakuna siagi, maziwa wala yai, mpaka Pasaka. Nyumba za nyama zote zinafunga. Ndoano zinaoshwa, wahudumu wanaambiwa tuonane Mungu akipenda. Siku ile Wedajo anageuza kufuli, Zinash alikuwa amesimama nyuma yake.

"Gashe, nipe hizo funguo."

"Za nini?"

"Utafunga mpaka Pasaka, wateja wako watakuwa panya. Nipe tupige filamu humo ndani."

"Filamu." Wedajo alilitamka kama mtu aliyeuma jiwe kwenye dengu.

"Tutakupakia rangi kuta zote kabla ya Pasaka. Ile buluu unayoitaka kila mwaka na hupati mtu."

Wedajo akaangalia kuta. Ile buluu kweli alikuwa anaitaka.

"Nisikilize wewe mtoto," akasema. "Hii nyumba ina jina. Mtaa ukilalamika, narudi kuchukua funguo zangu. Na Jumapili ya Matawi uwe na filamu ya kunionyesha. Huna, basi Pasaka unarudi kwenye sinia na mdomo unaufunga. Hakuna kuiga wateja, hakuna kukaa meza za watu, hakuna mambo ya Alhamisi. Unahudumia kama watu wengine."

"Na nikiwa nayo?"

"Mdomo utakuwa wako."

Zinash akachukua funguo. Wenzake walimwambia amekubali vipi masharti ya hivyo, si angebaki na Alhamisi yake tu. Lakini yeye alijua Alhamisi yenyewe haina maisha. Kila Jumatatu Wedajo alikuwa anamwambia achague, jukwaa au sinia, na kwao nyumbani kuna mama na wadogo zake wanaokula kwenye hiyo sinia. Hapa angalau kulikuwa na siku ya kujua.

Watu wa kufanya nao kazi aliletewa na mfungo wenyewe. Kwenye Mfungo Mkubwa haolewi mtu, kwa hiyo Kirubel na kamera yake kubwa walikuwa wamelala tu. Lemessa hana cha kukata. Na kulikuwa na Ayalneh, mwimbaji wa vilabuni, yule wa zeze la waya mmoja anayekutungia ubeti wa kukusifu ukimpa na wa kukuumbua ukimnyima. Mfungo hakuna vilabu, hakuna zeze. Mwembamba kama mwiko, wakamfunga mto tumboni, akawa dalali.

Wiki za kwanza mambo yalienda. Wakapiga zile sehemu za jikoni, za mlangoni, za Zinash kugombana na kila mtu, ambazo hata hakuhitaji kuigiza. Halafu ikafika ile yenyewe. Dalali anamkaribisha, mhudumu anakaa, na hatimaye dalali, kashindwa kabisa, anamviringishia tonge la nyama na kumlisha kwa mkono wake, maana ukimlisha mtu tonge umemkubali. Bila hilo tonge hakuna filamu.

"Tunahitaji nyama," Zinash akasema.

Wote wakaangalia sakafu.

"Mimi kisu changu kimeoshwa, kimefungwa kitambaa, kimelala mpaka Pasaka," Lemessa akasema.

"Huli, Lemessa. Unakata tu."

"Nikikata nanusa. Nikinusa nimekula kwa pua."

"Na mimi niseme nini?" Ayalneh akaingia. "Yeye ananusa, mimi ndiye nashika, wewe ndiye unatafuna. Mama yangu akiona hii filamu hataniuliza kama nimeigiza vizuri. Ataniuliza ilipigwa mwezi gani."

Kirubel akasema pole pole, labda wasubiri Pasaka ipite. Pasaka ikipita nyumba inafunguliwa, wateja wanajaa, utapiga wapi? Zinash akawaka. Aliyosema siku ile siwezi kuyaweka yote hapa. Kirubel akaambiwa abaki na maharusi wake wanaolia kamasi. Lemessa akaambiwa ni mchinjaji anayeogopa ng'ombe aliyekwisha kufa. Ayalneh akaambiwa hata huo mto una kipaji kuliko yeye. Ayalneh akautoa mto, akauweka mezani kwa heshima zote, akaondoka. Wenzake nyuma.

Hasira hasara, tunaambiwa toka wadogo na hatusikii. Karibu wiki nzima ikaenda hivyo. Zinash peke yake anapaka ukuta buluu, anaitukana brashi.

Jioni moja nyumbani mama yake akamwekea chakula cha mfungo: injera, dengu, kabeji, na bitiruti lililochemshwa likakatwa vipande. Zinash anakula kwa hasira. Akatazama vidole vyake. Vyekundu mpaka kwenye kucha. Akanyanyua kipande juu kwenye taa, akakigeuza. Akanyanyuka na chakula hajamaliza.

Lemessa alifungua mlango akamkuta kasimama na bitiruti zima mkononi, limechemshwa nusu.

"Hiyo nini?"

"Bitiruti."

"Naona. Umekuja kuniomba radhi au umekuja kunilisha?"

"Kata," Zinash akasema. Halafu, maana ilibidi, "Tafadhali, kaka yangu. Nilikosea."

Lemessa alimwangalia sana, kisha akafungua kile kitambaa. Kisu kikatoka. Akakata vipande vile vile anavyokatia wateja, virefu kidogo, kona kali. Akavipanga kwenye sahani, akarudi nyuma, akakunja uso.

"Mafuta yako wapi? Nyama haina mafuta, nani ataila hiyo?"

Na akaenda mwenyewe kuleta kiazi. Akakata vijiutepe vyeupe vya kiazi, akavibana kwenye ule wekundu. Akakamulia limau vikang'aa. Mke wake akapita, akaona, akapiga ishara ya msalaba. Hapo Zinash akajua wamepata.

Ila Lemessa alikuwa ameshikwa. Mtu wa kazi ukimwamsha kazi yake, kumlaza tena shida. Kesho yake akaja na boga moja, yale marefu makubwa ambayo lazima uyakumbatie. Akalichonga siku nzima, paja, mbavu, kiuno, akalipaka maji ya bitiruti, akalipachika mafuta ya viazi, akalitundika kwenye ndoano. Ukisimama hatua chache unaapa ni ng'ombe.

Kwa Ayalneh ilikuwa ngumu zaidi. Kirubel alisharudi, yeye hawezi kununa. Ayalneh alisema atarudi kwa sharti moja, Zinash asimame asikilize ubeti bila kujibu. Zeze hakulishika, maana ni mfungo, alisema kwa mdomo mtupu. Ulikuwa ubeti wa mwanamke ambaye Mungu alimpa ulimi kwanza, halafu akakosa pa kuweka akili. Zinash alisimama, mishipa ya shingo imemtoka, akasikiliza mpaka mwisho.

"Vaa mto wako," akasema.

Siku ya kupiga lile tonge umeme ukakatika. Umeme wetu unajulikana. Kirubel akasema wafungue mlango mkubwa wa mbele, jua la mchana linaingia zuri. Wakafungua. Sinia mezani, nyekundu inang'aa, boga linaning'inia, Ayalneh kafutuka tumbo, anaviringisha tonge, Zinash kafungua mdomo mpaka mwisho.

Saa tisa ilikuwa imefika. Na saa tisa kwenye mfungo ndipo misa inatoka kanisani.

Eteye Workinesh alikuwa wa mbele. Eteye ni mama mkubwa wa watu wote, na huyu kwetu ndiye wa mtaa mzima. Kazaa wengi, kazika wengi, hajakosa misa toka azaliwe. Kajifunga shela jeupe, hajala wala kunywa maji toka asubuhi. Akapita mlangoni, akageuza shingo, akaona.

Sauti aliyoitoa ilimtoa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara nje ya duka lake.

"Jamani njooni muone. Wanakula nyama mbichi. Mchana, Mfungo Mkubwa, na mlango wameufungua tuwaone vizuri."

Watu wa misa wakajaa mlangoni kama maji, mashela meupe tupu. Mmoja akasema ndiyo maana mvua haiji. Mmoja akasema huyu si yule wa vichekesho, si tulijua. Na mnoko mmoja nyuma kule akatoa simu, akampigia Wedajo.

Ayalneh mkono uligandia hewani na tonge. Lemessa alijificha nyuma ya boga lake. Kirubel peke yake hakutingishika, na hakuondoa jicho kwenye kamera. Mtu wa harusi amezoea. Mashangazi wakianza kupigana huzimi, maana ndicho watakachotaka kukitazama mwakani.

Zinash damu ilikuwa imeshapanda. Alikuwa na sentensi moja imekaa kwenye ulimi, ingetoka hiyo paa lingeondoka na yeye na filamu yake. Akavuta pumzi ya kuisema. Na katika kuvuta hiyo pumzi akaangalia zile nyuso, moja moja, kama anavyoangalia meza.

Miaka yote ya kubeba sinia ilimfundisha kitu kimoja bila yeye kutaka: kumjua mwenye njaa. Hawa watu hawakuwa wanamwangalia yeye. Midomo ilikuwa inamtukana, macho yalikuwa kwenye sinia.

Akafuta mikono kwenye aproni, akaenda mlangoni, akainamisha kichwa.

"Karibu, Eteye. Mko wangapi?"

"Nini?"

"Meza. Niwatafutie meza ya watu wangapi?"

"Wewe mtoto unaniuliza mimi meza?"

"Mimi mtu akisimama mlangoni anaangalia sinia hivyo, namuuliza mko wangapi. Ndiyo kazi yangu."

Nyuma kule mtu akacheka, akajizuia, akapigwa kofi la bega na mkewe.

"Huna haya," Eteye akasema. "Mama yako ana habari?"

"Mama yangu ndiye kapika. Njoo tule."

"Nile hiyo? Mimi?"

"Nakukaribisha kwa moyo, Eteye, siyo ile ya mdomo. Wananikaribisha kwa mdomo kila siku, nikikaa wanashangaa."

Akachukua sinia kwa mkono mmoja, akanyofoa injera, akabana vipande viwili vyekundu na utepe wa mafuta, akaviringisha, akanyanyua tonge mpaka mbele ya mdomo wa yule mama. Watu wakasogea waone. Maana tonge likishanyanyuliwa, kulikataa ni kumtukana aliyelishika. Na nyama kwenye mfungo ni dhambi. Mama wa watu yuko katikati, dhambi huku, matusi huku.

Eteye akasogeza pua. Akanusa. Akamwangalia Zinash, akanusa tena.

"Hii hainuki nyama."

"Inanuka nini?"

"Udongo."

Akafungua mdomo. Zinash akamlisha. Eteye akatafuna, kafumba macho, mtaa mzima unamsubiri kama hakimu. Akameza.

"Chumvi haijakolea," akasema.

Halafu akageuka kwa watu. "Bitiruti. Na kiazi, na limau. Mlikuwa mnapiga kelele za nini?"

Kicheko kilichotoka pale, fundi cherehani alirudi kufunga duka ili aje naye. Eteye hakucheka. Alikuwa bado amesogeza uso.

"Tonge moja linaleta ugomvi, hukufundishwa? Ongeza la pili."

Basi wakaingia. Mashela meupe meza zote. Zinash akazunguka na sinia anamlisha huyu, anamsema huyu: "Wewe baba uliyesema mvua haiji kwa ajili yangu, fungua mdomo, ikinyesha utaniomba radhi." Bitiruti likaisha, wanawake wakakimbilia makwao wakarudi na masufuria ya dengu. Lemessa akatoka nyuma ya boga, watu wanapanga mstari kulishika. Kamera inaenda tu.

Ndipo Wedajo akafika, anahema, kaacha gari katikati ya barabara. Aliona watu wanakula kwenye nyumba yake iliyofungwa, akaona paja jekundu kwenye ndoano. Akanyoosha mkono.

"Lemessa. Kisu."

Akapewa. Akachoma pajani, akavuta. Ndani rangi ya machungwa, mbegu zikadondoka sakafuni. Wedajo akalizunguka boga lote kichwa upande.

"Nani kachonga?"

"Mimi, Gashe."

"Paja umelipatia. Kiuno umekikosea." Akamgeukia Zinash. "Nilisema mtaa ukilalamika. Nimepigiwa simu na mtaa wote. Funguo."

Hapo hapakuwa na kichekesho. Zinash akaingiza mkono mfukoni mwa aproni, akazitoa. Zilikuwa kiganjani mwake, mkono umenyooka.

"Wedajo," Eteye akamwita toka mezani. "Umekula toka asubuhi?"

"Bado, Eteye. Nimefunga."

"Basi hiyo siyo hasira, hiyo ni njaa. Mtaa unaolalamika ndio sisi, na sisi tunakula. Kaa."

Wedajo alifungua mdomo kumjibu. Zinash akamtilia tonge. Lilikuwa tonge la nguvu, dengu na kabeji na vilivyobaki, na mtu mwenye tonge hilo mdomoni hadai funguo. Mashavu yalimvimba. Akatafuna, watu wote wanamwangalia. Alipomaliza Zinash akamwonyesha la pili. Akageuza macho pembeni, lakini mdomo akaufungua. Funguo zikarudi mfukoni mwa aproni na hakuna aliyezitaja tena.

Kirubel alipowaonyesha alichokamata, Zinash alikaa chini. Mwisho aliouandika ulikuwa wa mhudumu kufukuzwa mjini, wa kusikitisha kidogo, wa kujionyesha. Mtaa ulikuwa umempa mwisho mwingine bure. Akautupa wake. Siku zilizobaki walifanya kazi kama watumwa, umeme ukikatika wanapaka ukuta, ukirudi wanaunganisha picha.

Jumapili ya Matawi watu walikuja na pete za majani ya mtende vidoleni. Kuta zilikuwa buluu mpya, shuka jeupe limetundikwa pale ng'ombe hukaa. Wedajo kiti cha mbele, mikono kakunja. Filamu ikaanza. Watu wanacheka, yeye ukuta. Dalali kaingia, ukuta. Halafu ikaja sehemu ambayo Zinash alisahau kabisa kumwambia, pale mhudumu anamwigiza bosi wake: kidevu juu, mikono nyuma, anatembea kati ya meza kama anakagua jeshi, anaumia akiona mteja kaacha mkate. Watu wakamgeukia Wedajo. Zinash alitafuta mlango kwa macho.

"Mimi natembea hivyo?" Wedajo akauliza gizani.

Lemessa akasema, "Toka zamani, Gashe."

Wedajo akasogeza kiti mbele.

"Rudisha nyuma," akamwambia Kirubel. "Nione tena."

Walirudisha mara tatu. Ya tatu alikuwa anajifuta macho na kitambaa, bega linampiga jirani yake. Ilipoisha akasimama, akamtafuta Zinash.

"Mdomo ni wako," akasema. "Ila wiki ya Pasaka nisaidie, watu watakuwa wengi. Njoo nao huo mdomo."

Alienda, kwa hiari yake, na wiki ile watu walikula vicheko kuliko nyama.

Pasaka ilipopita, ukumbi mmoja wa sinema wa zamani, wa viti vyekundu vilivyochakaa, ukawakubalia Jumapili moja. Moja tu, mwenye ukumbi alisema, nijaribu. Ikaja ya pili. Jumapili ya tatu Zinash alichelewa, alikuwa anagombana na mtu wa mabango. Akafika mlangoni anataka kupita.

"Dada, foleni iko kule," bawabu akasema bila kumwangalia.

"Mimi ndiye wa kwenye filamu."

"Leo wote ni wa kwenye filamu. Tangu asubuhi nimeshapata mama zake saba, na dada zake siwajui idadi. Foleni."

Zamani angemla huyo bawabu bila chumvi. Akafungua mdomo kabisa. Halafu akageuka aone hiyo foleni yenyewe. Ilishuka ngazi, ikapita kibanda cha magazeti, ikapita duka la viatu, ikakunja kona na kupotea.

Akaanza kutembea pembeni yake, pole pole, kuutafuta mwisho. Watu wamevaa nguo nzuri, watoto mabegani. Wawili wanasukumana, mmoja anamwambia mwenzake, "Si umesema karibu? Nimekaribia." Alipokunja kona foleni bado ilikuwa inaenda. Mwishoni kabisa alisimama mama na mtungi wa mafuta, katoka sokoni.

"Dada, hii foleni ya nini?" Zinash akamuuliza.

"Ya mhudumu mmoja mkorofi. Wanasema anachekesha. Simama hapa nyuma yangu kabla hawajakuchukulia nafasi."

Zinash akasimama nyuma yake. Punde akaja mtu mwingine, akasimama nyuma yao.